Majibu ya Maksai wa Jirani

Watu wa Sitalike huniita shehe, ingawa mimi si shehe, na shehe mwenyewe wa msikiti wetu hapendi kusikia hivyo. Mimi ni mchinjaji. Nina bucha ndogo kando ya barabara iendayo hifadhini, nina kisu nilichorithi kwa baba, na kazi yangu kubwa kuliko bucha ni kuitwa. Ng'ombe wa mtu akivunjika mguu, akijinyonga na kamba, akianza kuyumba na kutoa povu, simu inalia: "Shehe, wahi na kisu." Simu ya namna hiyo haina salamu. Natakiwa nifike kabla roho haijatoka, nimwelekeze mnyama kibla, nitaje jina la Mungu, nikate. Nikiwahi, nyama inapangwa mafungu, kila nyumba inachukua lake, Mwislamu na Mkristo, na mwenye ng'ombe anapata chochote cha kuanzia upya. Nikichelewa, huyo ni kibudu, na mwenyewe anabaki ameshika kichwa.

Kazi hiyo nimeifanya tangu ujana wangu. Nimekataa mara moja tu, na hiyo mara moja imenichosha kuliko ng'ombe wote niliowahi kuwachinja.

Kiangazi kile viboko walikufa mtoni. Kiboko kufa kiangazi si habari ya kumshtua mtu wa huku. Kila mwaka mto unakauka, wanabanana kwenye tope, wazee na wadhaifu wanakwisha. Lakini safari hii walikufa hata walionona. Tuliwaona kutoka darajani, matumbo yamevimba, miguu iko juu, na harufu ikafika mpaka buchani kwangu, nikawa nashinda nafukuza nzi wasiofuata nyama yangu.

Yakaja magari ya wakubwa. Likaja na dude la kuruka, droni, likawa linavuma juu ya mto na juu ya mashamba yetu kama pikipiki iliyopotea njia. Waliolima karibu na mpaka wa hifadhi hawakutoka ndani siku hiyo, kila mmoja akiamini ndiye anayepigwa picha. Baadaye likapita gari la matangazo: tusile nyamapori, tusiwe na taharuki, wataalamu wako kazini. Kuhusu ng'ombe wetu, ambao walikunywa mto ule ule, halikusema neno. Nilimsimamisha mtangazaji nikamuuliza. Akasema yeye kaambiwa aseme hayo tu, na akaniomba nisogee gari lipite.

Sasa nimseme jirani yangu. Ni Mpimbwe, Mkatoliki, mkulima wa mpunga, na nyumba zetu zimetengwa na ua wa minyaa tulioupanda wenyewe, tukibishana mstari wake upite wapi. Sikukuu ya Idi alikuwa analeta mchele. Krismasi nilikuwa nampelekea mguu wa mbuzi na kumtania kwamba asingekuwa na Mwislamu jirani angekula sikukuu kwa mlenda. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, wekundu, wapole, ndio waliomlimia shamba lote. Kuwatazama wakirudi jioni na plau ilikuwa raha hata kwangu mimi ambaye ng'ombe kwangu ni nyama.

Mmoja wao akaanguka mchana, penye uwazi nyuma ya nyumba. Nilipofika na kisu nilikuta watu wamekwisha kusanyika, kina mama na mabeseni, vicheko vya hapa na pale, maana nyama ya dharura huwa ya bei nafuu. Maksai alikuwa amelala ubavu, anahema kwa nguvu, tumbo linajaa. Puani alikuwa anatoka damu nyembamba, nyeusi. Nilichuchumaa kichwani kwake, nikamgeuza kibla. Mkono ukagoma.

"Shehe, unangoja nini?" jirani akaniuliza. "Anakata roho huyo."

"Umeiona hiyo damu?"

"Damu ni damu. Chinja, bwana."

"Na wale viboko?"

"Viboko ni wa serikali. Huyu ni wangu."

"Jirani, kama ni kimeta, nikimfungua hapa nimetumaliza wote. Mimi, wewe, na hawa wenye mabeseni."

"Nani kakwambia ni kimeta? Umekuwa daktari lini?"

Alikuwa amesema kweli. Kimeta nilikuwa nimekisikia redioni tu, na kwa baba, aliyekuwa akikitaja kwa sauti ya chini. Sikujua. Niliogopa, basi, na woga hauna cheti. Tulibishana pale pale, yeye akinishika bega, mimi nimekikumbatia kisu, na tukiwa katika kubishana maksai akanyoosha miguu akafa. Mama mmoja akasonya, akageuza beseni lake, akaondoka. Wengine wakamfuata.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Kijana mpole, amevaa glavu. Akachukua damu kidogo sikioni, akaifunga kwenye kichupa, akasema majibu yatakuja baada ya muda mfupi, lakini kwa usalama tumchome moto na kumfukia. Kuni za kumchomea ndizo jirani alizokuwa ameziweka kwa ajili ya tanuru la matofali ya nyumba yake. Alizibeba mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Maksai, nyama na matofali, vyote vikaondoka kwa moshi mmoja, na aliyemponza nilikuwa mimi.

Haikupita wiki mnada wa ng'ombe ukafungwa. Hatukuambiwa sababu wala lini utafunguliwa, tulikuta tu mgambo amesimama mlangoni. Watu walipokosa wa kumlaumu wakanipata mimi. "Shehe kafunga mnada," wakawa wanasema, kana kwamba funguo nalala nazo. Buchani wateja wakapungua. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia usoni, "Mzee, nyie mnaotilia shaka ng'ombe za wenzenu, zenu nani kazipima?" Nilimtukana. Halafu nilikaa nikaona swali lake halina makosa.

Jirani hakunitukana. Aliacha kunisalimia. Huku kwetu unamsalimia hata mtu mliyeshtakiana barazani, kwa hiyo nilijua nimefikishwa wapi. Mvua zilipoanza niliwaona yeye na mkewe wakipita na majembe mabegani, mapema, kwa sababu maksai mmoja havuti plau. Yule aliyebaki alikuwa amefungwa kwenye mti, anakula, ananenepa bure. Niliumia. Sisemi niliumia kidogo; nilikuwa nasubiri wapite ndipo nitoke nje kutawadha.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja, majibu ya kile kichupa. Ikiwa kilikuwa kimeta, basi niliwanusuru watu, na jirani angejua. Ikiwa hakikuwa, nilimharibia mtu mwaka wake kwa woga wangu, na ningeenda kumwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, nisione haya. Chochote kati ya hivyo kingenipumzisha. Kukaa katikati ndiko kulikokuwa kunanimaliza.

Nikamtafuta bwana mifugo, nikaambiwa kahamishwa. Mtendaji wa kijiji akasema jambo hilo liko juu yake, niende Mpanda. Nikaenda Mpanda. Ofisi ya kwanza wakanikaribisha kiti, wakanisikiliza vizuri kabisa, wakasema, "Limepokelewa, mzee wetu. Linafanyiwa kazi." Niliporudi tena walisema sampuli ilikwenda kwa watu wa wanyamapori, kwa kuwa chanzo ni viboko. Watu wa wanyamapori wakasema ng'ombe ni wa watu wa mifugo. Kumbe kiboko akifa ana mwenyewe, ng'ombe akifa ana mwenyewe, na mto una wenyewe wengine kabisa, na hao wote hawajui anayekaa na kichupa. Nikauliza na habari ya ile droni, iliona nini siku ile. Wakanitazama kama nimeuliza nguo ya ndani ya mtu.

Safari ya mwisho nilipelekwa chumba kingine, kwa bwana mmoja mwenye sauti laini.

"Mzee, unatumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nauliza maksai wa jirani yangu kafa na nini."

"Jirani ndugu yako?"

"Jirani jirani. Hata dini si moja."

"Enhe. Na wewe uko kwenye kamati ya msikiti, siyo? Ule msikiti wenu umeezekwa upya. Mabati yalitoka wapi?"

Nikamweleza. Mabati walitoa wenye maduka wa Mpanda mjini, mmoja wa vitenge, mwingine wa misumari na rangi, watu ambao yule bwana hupishana nao kila siku akienda kula mchana. Nikamweleza gari lililobeba, nikamweleza na fundi. Akatikisa kichwa kwa upole, akasema nisichukie, kuna maelekezo ya kufuatilia wanaofadhili siasa kali, na mtu anayezunguka maofisini na maswali ni lazima aulizwe maswali. Nilikwenda kuuliza ugonjwa wa ng'ombe, nikatoka najitetea kwa sababu ya mabati. Nilikasirika mpaka nikasahau kofia yangu kwenye kiti. Sikurudi kuichukua.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, basi. Utafungwa kwa ng'ombe ambaye hata si wako." Nikaacha. Nasema ukweli, niliacha kwa kuchoka, si kwa kutii.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa hadhara. Alikuja mkubwa kutoka mkoani, viti vikapangwa chini ya turubai, na sisi tukakaa juani. Yakasemwa ya barabara, ya mbolea, ya mahudhurio ya watoto shuleni. Wakati wa maswali nilikuwa nimeinamisha kichwa, nimejiapiza sitanyanyua mkono. Nikasikia sauti ninayoifahamu ikijitambulisha kwa kitongoji. Alikuwa jirani. Amesimama, kofia mkononi, shati la kanisani.

"Mheshimiwa, mie nina swali dogo. Maksai wangu alikufa, damu yake ikachukuliwa. Alikufa na nini? Kama ni ugonjwa, nyie niambieni, nimsalimie jirani yangu. Kama si ugonjwa, niambieni pia, nijue kwa nini simsalimii. Maana nimechoka kupita mlangoni kwake kama sioni mtu."

Watu hawakucheka. Mimi nilitazama ardhi kwa sababu macho yalikuwa yameniingia maji, na sikutaka yule wa bodaboda anione. Mheshimiwa akamnong'oneza aliyekaa pembeni yake, huyo akamnong'oneza wa nyuma, kisha Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Mzee wangu, swali lako ni zuri sana. Limepokelewa."

Halafu akaendelea kutukumbusha kwamba kurusha droni bila kibali ni kosa la kisheria na mwananchi yeyote atakayekamatwa atachukuliwa hatua. Tuliokuwa pale hatukuwa na droni. Wengine wetu hata baiskeli hatuna. Tukapiga makofi, kama ilivyo desturi, na magari yakaondoka na vumbi lake.

Nilidhani baada ya siku ile jirani angenisalimia, au mimi ningethubutu. Hapana. Alikuwa ameuliza, na aliyeuliza husubiri. Tukasubiri wote wawili, kila mtu upande wake wa minyaa. Mpunga wake ulikuwa mdogo mwaka ule. Mnada ukafunguliwa siku moja, mgambo akiwa hayupo tena, na kufunguliwa kwake hatukuelezwa, kama ambavyo hatukuelezwa kufungwa kwake.

Kiangazi kikarudi. Siku moja baada ya adhuhuri niko uani nanoa kisu, nikamwona jirani anaingia kwa mlango wa mbele, si kwa upenyo wa minyaa tuliokuwa tukiupitia zamani. Jasho linamtoka. Nikajua kabla hajasema. Yule maksai wa pili.

"Habari za hapa, jirani," akasema.

Kisu kilikuwa mkononi, na niliinuka nacho kwa mazoea, na kwa kingine pia. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba safari hii nitachinja, na liwalo na liwe, kuliko kurudi kwenye ule ukimya.

"Nzuri, jirani," nikamwambia. "Twende, nitawahi."

Akakitazama kisu, akatikisa kichwa. "Kisu kiache ndani. Chukua sepetu."

Tulimkuta amelala mahali pale pale penye alama nyeusi ya moto wa mwaka jana. Wenye mabeseni walikuwa wamekwisha kuanza kuja. Jirani akawaambia waziwazi kwamba hapa hakuna nyama, warudi. Yule mama aliyesonya mwaka jana alikuwepo. Akauliza, "Kwani majibu yalikuja?" Jirani akasema hayakuja. Mama akasimama kidogo, akageuza beseni, akaondoka bila kusonya.

Tukakaa kivulini mbali naye kidogo, tukamsubiri afe. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu, kukaa tu na kumtazama mnyama akihangaika, nami najua pa kukata. Jirani alikuwa anamwita kwa jina lake la kazi, taratibu, kama alivyokuwa akimwita kwenye mtaro wa plau. Sikujua kama ni kimeta na sijui mpaka leo. Yeye pia hajui. Alipotulia tukaanza kuchimba, ardhi ngumu ya kiangazi, wazee wawili, tukipokezana, na alipochoka nilimwambia akae na akakaa.

Tulichimba kirefu. Tukamsukuma kwa miti bila kumgusa, tukamfukia, tukapanga miiba juu ili fisi wasifukue. Jua lilikuwa limeinama. Jirani akaegemea mpini, akaniuliza kama tumpigie simu bwana mifugo mpya aje achukue damu, kwa utaratibu. Nikamwambia simu ninayo mfukoni, nimpigie?

Akafikiri. Akasema, "Twende tukanawe." Tukaenda kunawa.