Titi la Mama Kulwa na Mchanga Mweusi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kitu cha kushona ambacho nilidhani ni nguo ya mdudu buibui. Kitambaa kipana katikati, na pande zote mbili kimeota mikia. Nilikuwa fundi wa barazani hapa mjini Shinyanga, nimezoea mashati ya Krismasi na kanzu za Idi, na kwa kukata suruali nilikuwa nasifika mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ingawa huko sijawahi kufika. Uhuru ulikuwa bado mbichi, hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa chumba cha kushonea, na mimi nilikwenda kwa sababu niliambiwa kuna cherehani ya miguu isiyogombaniwa.

Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alikuwa mama wa Kitanga, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Akaitandaza ile nguo ya buibui mezani.

"Hii ni bendeji ya mikia mingi," akasema. "Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo humwinuiinui kumzungushia kitambaa. Unailaza chini yake, kisha unafunga mkia juu ya mkia, kama mtu anayesuka ukili. Na mshono wako ukimkwaruza mgonjwa, mimi nitakukwaruza wewe."

Nikajifunza kulaza mishono upande usiogusa ngozi. Nikajifunza mashuka yenye tundu, yale ya chumba cha upasuaji, ambayo yanamfunika mgonjwa mzima na kumwachia daktari dirisha tu. Kitambaa chetu kikubwa kilikuwa marekani, pamba tupu isiyotiwa rangi, kwa kuwa inavumilia kuchemshwa. Matroni ndiye aliyenisukuma pia kwenda shule ya usiku. Nilihitimu darasa la saba nikiwa na mvi kidevuni, na waliosoma nami ni mashahidi kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa haanzi kipindi mpaka aone nimekaa.

Sasa niwaambie vijana jambo ambalo siku hizi mnalisikia redioni mchana kweupe, lakini sisi tulilisema kwa kunong'ona. Saratani ya titi ilikuwepo. Kina mama walikuja wamechelewa, wengine baada ya kuzunguka kwa waganga wote wa Usukuma. Upasuaji wa wakati ule ulikuwa mkali. Daktari aliondoa titi lote, na misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani, kifua kikabaki ngozi juu ya mbavu. Mama akipona alirudi kwao amejifunga khanga iliyokunjwakunjwa upande mmoja, na ilikuwa ikimdondoka kisimani.

Wazo la titi la kitambaa lilikuwa la Matroni. Mimi ni mwanamume, sikuruhusiwa kupima. Yeye alipima nyuma ya pazia kwa uzi, akafunga fundo pale kipimo kilipoishia, akanirushia uzi juu ya pazia. Nikakata marekani vipande vitatu, nikaunganisha kama kibuyu kidogo kilichopasuliwa, nikajaza pamba, nikashonea mfuko ndani ya sidiria ili likae humo. Pamba hapa kwetu si ya kuomba. Msimu wa mauzo barabara ya Mhunze ilikuwa nyeupe mpaka ungedhani mawingu yameshuka kupumzika.

Kasoro yake ilikuwa wepesi. Titi la kweli linashuka, la pamba linapanda. Mama mmoja aliniambia kufika alasiri lake liko begani, na likikaribia mdomo atalimeza. Tena uzito ukiwa upande mmoja tu, bega lisilo na kitu linainuka, shingo inauma, mgongo unapinda. Hilo lilinisumbua kwa miaka, sikulipatia dawa.

Katikati ya miaka ya sabini nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Geita, kwenye ukanda wa dhahabu. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mtu mpole aliyependa kuvua samaki, nami nilikuwa nikishona mbeleko za mikono, maana wachimbaji walivunjika mikono kama vijiti vya kiberiti. Mmoja tulimwita Ngosha, ndiyo kusema mwanamume. Mkono ulipopona alinichukua kijitoni kunionyesha kazi yake. Akachota mchanga kwenye karai, akatia maji, akawa analizungusha. Mchanga mwepesi ukamwagika na maji. Chini ukabaki mchanga mweusi, laini kama unga wa baruti, na juu yake vimeto viwili vya njano.

"Huu mweusi ni mzito kama dhambi," Ngosha akasema. "Ndiyo maana unang'ang'ania kukaa na dhahabu. Sisi tunautupa."

"Umetia zebaki humu?" nikamuuliza, maana nilisikia wanaitumia kukamatia dhahabu, na Mganga Mfawidhi alikuwa akiikemea sana.

"Bado kabisa. Huu ni wa mtoni tu. Unautaka? Chukua, bosi, ndiyo mali niliyonayo."

Akanijazia kopo. Nikaushonea mfuko wa marekani, nikaufanya kigandamizo cha kuzuia kitambaa kisiteleze ninapokata. Niliporudishwa Shinyanga nilirudi nao, ukakaa juu ya meza yangu kwa miaka, kila siku nautazama na siuoni.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini akaletwa Mama Kulwa, mkulima wa huko upande wa Mhunze, mama wa mapacha Kulwa na Doto. Huyu hakuwa mkulima wa kawaida. Kwetu watu hulima kwa kikundi, safu nzima inafuata ngoma, na kuna mtu mmoja ambaye jembe lake linapanda kwanza na sauti yake inaimba kwanza. Mama Kulwa ndiye alikuwa huyo. Wanasema akianza yeye, hata kisiki kilijing'oa kumpisha. Aliondolewa titi la kulia, kidonda kikapona vizuri, nikamshonea la pamba, akaenda zake.

Mvua za kupandia zilipokolea akarudi. "Mwangaluka, Fundi," akanisalimu, kisha akaweka kitu mezani. Nilikitazama nikadhani macho yamenihama. Lilikuwa titi nililolishona mimi mwenyewe, na limeota majani.

Akatueleza, Matroni naye yupo. Pamba ilikuwa inaruka akiinua jembe, kwa hiyo alifumua mshono wangu, akaitoa, akajaza uwele wa ghalani kwake. Uwele unateleza, una uzito, ukiinama nao unainama. Alilima nalo kwa raha kabisa. Lakini jasho likaingia, mvua ikaingia, akalitundika jikoni likiwa bichi, na siku moja akakuta vichipukizi vimetokeza kwenye mishono.

"Kuku wamenisindikiza mpaka barabarani," akasema.

Matroni alicheka hadi akakaa chini, na mimi nilicheka machozi ya kujaza ndoo. Mama Kulwa alicheka pamoja nasi, halafu akaacha kabla yetu.

"Kucheka tumecheka," akasema. "Lakini leo wanalima shamba la kaka yangu, na mimi nipo hapa. Upande mmoja ukiruka na mwingine haupo, watu wanatazama kifua, hawafuati jembe. Nikikosa msimu huu, safu itapata mtu mwingine. Sitarudi mbele tena."

Ilitokea kwamba wiki ileile alikuja daktari bingwa wa upasuaji kutoka hospitali ya rufaa, kuwaona wagonjwa wa aina hiyo. Kliniki yake ikawekwa kwenye chumba changu, kwa sababu ya pazia na meza. Waliokuja walikuwa wawili, Mama Kulwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi mtaa wa Kambarage hapa mjini, aliyeondolewa la kushoto. Daktari aliomba chaki yangu ya ushonaji, akachora mgongo wa binadamu juu ya marekani.

Akaeleza taratibu, wala hakujificha kwenye maneno makubwa. Titi linaweza kujengwa upya. Njia moja ni kuweka chini ya ngozi mfuko laini wenye kitu kizito kama gundi, uitwao silikoni. Nyingine ni kuuchukua msuli mpana wa mgongo pamoja na kipande cha ngozi, kuuzungusha kupitia kwapani bila kuukata kwenye mishipa yake ya damu, na kuutandaza kifuani. Mara nyingine vinatumika vyote viwili. Yote yangefanyika rufaa, kwa safari ya treni, baada ya kuhakikisha kwamba ugonjwa haujarudi. Na mtu anaweza kuvaa la kitambaa, akasema, au asivae chochote, na hakuna hata moja kati ya hayo linalozidisha au kupunguza kupona kwake.

Mama Kulwa aliutazama ule mchoro. "Daktari, huo msuli wa mgongo sasa hivi unafanya kazi gani, kabla hujauhamisha?"

Daktari akamsimamisha, akamwambia ainue mkono kama ameshika jembe, kisha auvute chini huku yeye anazuia kwa kiganja.

"Umesikia panapokaza, hapa nyuma ya kwapa? Ndio huo. Wengi wanaishi vizuri bila huo. Utapika, utabeba mtoto. Lakini kulima kutwa nzima, sitakudanganya mama, jembe litakuwa zito zaidi."

"Na huo mfuko peke yake?"

"Ngozi yako imebaki nyembamba mno. Mfuko unaweza kukakamaa au kutokeza nje. Ningependa uwe unakaa karibu na hospitali, na wewe unakaa mbali."

Mumewe, Baba Kulwa, alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi. Daktari akamuuliza anaonaje. "Atafanya anavyotaka," akajibu. "Lini amewahi kunisikiliza? Mimi nataka arudi nyumbani anaimba."

Mama Kulwa akavuta pumzi. "Titi langu lilimaliza kazi yake, limelea mapacha na wadogo zao. Mgongo bado nina kazi nao. Maksai analima vizuri, nimchinje ili nipate ngozi ya kukalia?"

Mwalimu akatabasamu. "Shikamoo dada, maana mimi naona tofauti na wewe. Mimi nashika chaki. Nataka nilale nalo na niamke nalo, nisilitundike msumarini kila usiku kama kofia. Daktari, mimi nakwenda."

"Marahaba. Nenda mwanangu," Mama Kulwa akamwambia. "Ukirudi nitakuja kukupapasa, nione kama wamekuwekea titi au mgongo."

Daktari akasema wote wawili wamechagua vizuri, na nilimwamini, kwa sababu hakumpendelea hata mmoja kwa macho. Kisha Mama Kulwa akanigeukia.

"Haya Fundi. Daktari nimemkataa kwa ajili yako. Usiniaibishe."

Ndugu zangu, nilihisi chumba kimejaa moto. Daktari akaanza kuikunja ile marekani yenye mchoro, akakwama, kwa kuwa pembe moja ilikuwa imegandamizwa. Akauinua mfuko wangu mdogo, akashangaa. "Humu mna nini? Ni kidogo lakini kizito kweli."

Nikaupokea, na kwa mara ya kwanza nikauona. Haupati joto ukaota. Haunyonyi jasho. Kuku hawautaki. Nikamweleza daktari ulikotoka, akauliza habari ya zebaki kama nilivyouliza mimi, nikamjibu kama nilivyojibiwa. Akasema tukauchemshe, tuukaushe, tushone mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kisha tujaribu.

Kipimo cha uzito alikitoa Mama Kulwa mwenyewe, nyuma ya pazia na Matroni. Titi lake lililobaki alilishika kwa kiganja kimoja, mfuko wa mchanga kwa kingine, akafumba macho. Mimi huku nje nashika kijiko.

"Ongeza," akasema. Nikaongeza. "Ongeza kidogo. Hapana, umezidisha, huyu ni mtoto wa tembo. Punguza. Hapo. Hapohapo."

Ule mchanga nikauweka chini na nyuma, pamba ikauzunguka pande zote, juu nikavika satini laini. Alipotoka nyuma ya pazia mabega yake yalikuwa sawa kama mtambaapanya. Akainama, akainuka, akainua mkono juu na kuushusha. Lilikwenda naye na kurudi naye. "Wabeja, Fundi," akasema, asante ya kwetu, akatoka bila kuagana na mtu mwingine.

Msimu ule nilialikwa kuona. Nilifika shambani, ngoma inalia, safu ya watu ndefu kama treni, na mbele yao Mama Kulwa, jembe lake la kwanza kupanda. Hakuna aliyetazama kifua. Walikuwa na kazi ya kumkimbiza. Jua lilipochoma akasimama kidogo, akaja ukingoni nilipokuwa, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akalitoa, akanikabidhi.

"Nishikie, Fundi. Joto limezidi."

"Na watu?"

"Wameshaniona nikilima. Wanataka kuona nini tena?"

Akarudi mbele ya safu, kifua upande mmoja bapa, akaimba. Na mimi nikabaki nimesimama na titi mkononi, wanaume wananiambia kwa zamu nisilidondoshe, mwaka wa njaa utaingia.

Mwalimu alikwenda rufaa, akarudi mwembamba, na baada ya muda akanenepa. Alikuja kutaka sidiria ya kumkaa vizuri, akaniambia kovu la mgongoni linawasha siku za mvua, lakini hajajuta. Mama Kulwa alimpapasa kama alivyoahidi. Hukumu yake ilikuwa kwamba ni titi, ila lina bidii ya mgongo.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Nawasikia vijana wakiuliza njia ipi ni bora. Mimi ni fundi, najibu kifundi. Nguo nzuri ni ile ambayo mwenye nayo anaweza kufanyia kazi yake. Muulize kwanza anakwenda kufanya nini, kabla hujashika mkasi.

Na kazi haikustaafu pamoja nami. Mama Kulwa bado huja hapa nyumbani kwangu Kambarage, siku hizi na fimbo, ameshawaachia wajukuu jembe. Alikuja majuzi, akalitoa mwenyewe akaliweka kwenye cherehani, mbele ya mke wangu.

"Fundi, mwenzake amezeeka, amesinyaa. Hili bado linajiona msichana. Lizeeshe nalo."

Mke wangu akavuta pazia la chumbani, wakaingia wote wawili. Nikafumua mshono, nikachukua kijiko.

"Punguza," ikatoka sauti. "Punguza tena. Hapo."