Miche Iliyopandwa na Nailoni Zake

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mche naujua. Ukiupanda na kiriba chake, ile nailoni nyeusi ya kitaluni, mizizi inajizungusha humo humo mpaka inajinyonga. Kwetu Mtendeni hata mtoto wa miaka sita alilijua hilo.

Zamani, Siku ya Kupanda Miti, mtaa mzima ulitoka na majembe. Tulipanda kando ya njia ya zamani ya wapagazi, na kila nyumba ilipewa mti wake wa kumwagilia. Ukikauka, wanawake walikusema kisimani mpaka ukaombe mwingine. Marehemu mume wangu aliwahi kukaa siku mbili bila kuoga, maji yakaenda kwa mwarobaini wetu. Alinuka, lakini mti ulisimama.

Mwaka huu walikuja watu wa serikali na magari, spika na fulana za rangi moja. Mgeni rasmi akapanda wa kwanza, akapigwa picha, wengine wakafukia haraka haraka. Nikaona nailoni zinachungulia udongoni. Nikamshika mkono binti mmoja mwenye fulana.

"Mwanangu, miti mmeizika na sanda."

"Shikamoo bibi. Gari linaondoka."

"Marahaba. Nani atarudi kuitoa hiyo sanda?"

"Kuna kamati, bibi." Akapanda gari.

Kesho yake asubuhi nikabisha hodi kwa jirani, mwanamke niliyepanda naye tangu tukiwa wari.

"Ile siku iliisha jana, mwenzangu," akasema, wala hakuinuka kwenye mkeka. "Waachie wenyewe."

Nikaenda peke yangu na jembe na wembe. Nachimbua, nachana nailoni, narudishia udongo. Mwanaume wa bodaboda akasimama.

"Bibi, unaiba miti ya serikali?"

"Naivua nguo. Shuka unisaidie."

"Nawahi abiria Kanyenye," akasema, akaondoka anacheka.

Wanangu wako Dar na Mwanza. Ningewapigia wangesema, mama, pumzika. Sikupiga.

Mche wa kumi na nne, magoti yakagoma. Nikakaa chini, nikawa najisogeza kwa makalio kutoka mche hadi mche. Safu ya kwanza niliimaliza. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya mtaro, na mtaro sikuweza kuuvuka. Nikaiangalia tu. Majani yalikuwa mabichi kabisa, na yangekaa hivyo wiki kadhaa, mpita njia asijue kitu.