Sema Tano

Walimu wenzake walimbandika jina la Mwalimu Mtandao, naye akaamini ni sifa. Walimaanisha kwamba leo yupo, kesho hayupo, na ukimhitaji sana ndiyo kabisa humpati.

Huyu ndiye aliyekabidhiwa kompyuta za shule. Zilikaa stoo, zimefunikwa pazia kuukuu ili zisiguswe na vumbi wala wanafunzi, na ufunguo wa stoo alitembea nao shingoni. Nywila ya kuziwasha aliisahau likizo moja ya zamani, ila hakumwambia mtu. Akiulizwa, alikunja uso kama mtu aliyebeba siri za serikali, akasema mfumo unaboreshwa. Kipindi cha kompyuta alikifundisha kwa chaki. Alichora kibodi ubaoni, watoto wakapanga foleni kuja kubonyeza ubao, na aliyebonyeza kwa nguvu alikaripiwa kwamba ataiharibu.

Basi wakaja watafiti. Walikuwa wanachunguza uongozi wa walimu katika teknolojia na ustawi wa wakulima, vyote kwa mpigo, kwa sababu waliamini kwamba mwalimu akiongoza vizuri kwenye teknolojia, wakulima wa karibu naye hunawiri, hasa wa nyumbani kwake. Na uongozi wa mwalimu waliupimaje? Walimuuliza mwenyewe, kwa fomu ya kujaza. Ninawahamasisha wenzangu kutumia vifaa vya kisasa: nakubali kabisa. Ninatatua matatizo ya kiufundi yanapojitokeza: nakubali kabisa. Hapo kwenye matatizo ya kiufundi mkono haukumtetemeka hata kidogo.

Mwalimu atakayeongoza kwa alama, na ambaye nyumbani kwake mkulima ana raha zake, angefanywa mratibu wa mradi. Angepewa ofisi yenye feni na kuagana na chaki moja kwa moja. Mwalimu Mtandao aliitaka ofisi ile kuliko kitu chochote tangu aoe, na tukisema ukweli hata kuoa kwenyewe hakukutaka hivyo.

Mkulima wa nyumbani kwake alikuwa mkewe. Nyumba ilikula kwa jembe la mama huyu, maana mshahara wa mwalimu uliishia kwenye vocha na simu mpya. Watoto walishakua wakaenda kwao, wakabaki watu wawili na hiyo simu. Mama alikuwa akirudi shamba na habari zake, mara viwavi wameingia kwenye mahindi, mara goti linamsumbua, na mwalimu aliinua kidole bila kuinua macho.

"Subiri kidogo, mama watoto."

Hicho kidogo hakikuwahi kuisha. Mwishowe mama watoto akaacha kusimulia, nyumba ikawa kimya, na mwalimu akajipongeza kwamba ameoa mke asiye na makelele.

Asubuhi ya kuhojiwa alimfuata jikoni, jambo ambalo lilimfanya mkewe adhani kuna msiba. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Leo anakuja binti wa utafiti," mwalimu akasema. "Atakuuliza maswali. Majibu yanaanzia moja, yanaishia tano. Tano ndiyo juu. Wewe kila swali sema tano."

"Na nisipolielewa swali?"

"Tano."

"Na kama siyo kweli?"

"Mama watoto, hii ni takwimu. Mambo ya kweli tutaongea siku nyingine. Usiniangushe."

Mama akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa nje ya mlango. "Sawa, mwalimu," akasema. Alimwita mwalimu hata nyumbani.

Binti wa utafiti akaja na kishikwambi chake, akaamkia, akaketi. Mwalimu naye akavuta kiti kando ya mkewe, akakaa kama wakili wake.

"Samahani, mwalimu," binti akasema kwa adabu. "Utaratibu unataka mhojiwa awe peke yake."

Ikabidi atoke. Akajibanza chini ya dirisha, simu ameinua juu, ili anayepita aone anatafuta mtandao. Masikio yote yalikuwa ndani.

"Moja ni siridhiki kabisa, tano ni naridhika sana," binti akasoma. "Mama, unaridhika kiasi gani na maisha yako?"

"Tano."

"Na afya yako?"

"Tano."

"Na msaada unaoupata kwa walio karibu nawe?"

"Tano."

Mwalimu alichekelea peke yake pale dirishani. Feni ya ofisini alishaanza kuisikia shingoni.

"Sasa tunaingia sehemu ya pili," binti akasema. "Huku moja ni haijatokea, tano ni kila siku. Mwezi uliopita, ni mara ngapi umejisikia mpweke humu nyumbani kwako?"

"Tano."

Mwalimu akashtuka.

"Ni mara ngapi umekuwa na jambo linalokusumbua, ukakosa wa kumwambia?"

"Tano."

Uvumilivu ukamwisha. Akachomoza kichwa dirishani. "Hapo ni moja, mama watoto. Huku wamegeuza. Sema moja."

"Mwalimu, naomba utuache," binti akasema, na safari hii adabu ilikuwa imepungua. Akamgeukia mama, akateremsha sauti. "Mama, labda nilisoma haraka. Nirudie taratibu?"

"Nilikuelewa, mwanangu. Tano ni kila siku."

Binti akaiandika. Mwalimu alisimama palepale dirishani. Angependa kukasirika, na kwa kawaida hasira haikumpa shida, lakini leo haikuja. Kilichokuja ni aibu, tena nzito, na hakujua aiweke wapi.

"Basi tuendelee?" binti akauliza.

"Kwanza turudi kule mwanzo," mama akasema. "Zile tano za mwanzo si zangu. Nilipewa na mwalimu."

"Haya, turudi. Mama, unaridhika kiasi gani na maisha yako?"

Mama hakujibu upesi. Dirishani mwalimu akatega sikio. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kusubiri neno litoke kinywani kwa mkewe, na sasa alilisubiri kwa hofu kabisa.

Simu ikatetemeka mkononi. Ulikuwa ujumbe wa mkuu wa mradi: hongera, umeongoza walimu wote, tunasubiri majibu ya nyumbani tu. Akausoma, akatabasamu kidogo, akausoma tena.

Alipoinua kichwa, jibu lilishatoka. Binti alikuwa amefika kwenye swali la afya, na mama alikuwa anaeleza habari za goti, lilianza lini, linauma vipi akiinama. Alieleza kwa kirefu, bila haraka. Binti alikuwa ameweka kishikwambi chini, anamsikiliza.