Siku Nilipomuita Mama Mwamini Mwizi wa Mayai

Bon, niwaambie tangu mwanzo musije kunitafutia sababu: siku ile mukosaji nilikuwa mimi mwenyewe, hakuna mutu mwingine wa kumutupia lawama. Mpaka leo kuna barabara moja pale Mangobo, ile ya nyumba yetu ya zamani, siipiti, nazunguka njia ndefu mpaka viatu vinalia, na kisa chake ni mayai. Ndiyo, mayai ya kuku. Chekeni sasa, mbele kidogo mutanyamaza.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yangu. (Abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, nilikuwa nayo moja tu, lakini nilikuwa naivaa hata nikienda kununua chumvi.) Nyuma ya nyumba nilikuwa na kuku saba, na kuku hao walinitesa: wanataga kwenye majani, wanataga chini ya kitanda, siku moja yai nikalikuta ndani ya kofia yangu, popote pale isipokuwa mahali ninapotaka mimi. Basi nikaamua kuwatengenezea visanduku vya kutagia. Uamuzi mudogo tu, wa mutu mwenye nyundo na misumari.

Nikapata mbao za masanduku ya sabuni, nikapigilia visanduku sita, nikavitundika ukutani juu, upande wa barabara, kwenye jua kali, nikavipaka chokaa vikang'aa, na juu yake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: KAZI KWANZA. Kwa nini upande wa barabara? Ili wapita njia waone. Sina sababu nyingine.

Jirani yetu alikuwa Mama Mwamini, mujane muzee, Mwislamu, mutu wa Maniema kama sisi, hakusoma hata darasa moja. Kati ya parsele yake, kiwanja chake, na yangu kulikuwa na uzio wa mianzi wenye matundu. Alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaacha muchi ndani ya kinu, akaviangalia visanduku vyangu muda murefu.

"Mwalimu," akasema, "kuku iko sawa na mwanamuke anazaa. Haipendi batu bamuangalie. Weka sanduku chini, kwa giza, tia majani laini, na uache yai moja ndani, aone kama ni kwake."

Nikamujibu, na jibu hilo linaniuma kama jino bovu: "Mama, hii kitu iko na siansi. Wewe endelea na sombe yako."

Siku tatu hakuna kitu. Kuku wanapita chini ya visanduku kama watu wanaopita mbele ya ofisi wasiyokuwa na shida nayo. Nikawapandisha kwa mikono, wakaruka chini wanapiga kelele. Siku ya ine natoka shule, nachungulia, mayai mawili! Siku ya tano, matatu! Nikamushika muke wangu Feza mukono, nikamuvuta mpaka ukutani: "Umeona? Umeona?" Feza akaangalia mayai, akaangalia uzio, akasema, "Eeh, nimeona." (Mutu mwenye akili angejiuliza kwa nini jibu lilikuwa fupi vile.)

Kutoka hapo mudomo wangu haukufungwa tena. Nikasimulia shuleni, direktere akasimulia kwa shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa wetu, shefu akapeleka kwa wakubwa wa zone, na mimi kila nikisimulia naongeza: mayai matatu yakawa matano, matano yakawa saba, kuku saba mayai saba, kila siku, hata siku ya mvua. Mwisho habari ikarudi kwangu kwamba Jumamosi, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro na kukata majani, komisere wa zone mwenyewe atapita kwangu kumuona sitwayen wa mufano, mwananchi wa kuigwa.

Jumamosi ikafika. Mutaa wote uko kwenye mitaro, mimi nimesamehewa nijitayarishe. Nikachungulia kisanduku cha kwanza, kitupu. Cha pili, kitupu. Vyote sita, hakuna hata unyoya. Jasho likaniloanisha abakosti. Feza akaniambia polepole, "Uwaambie tu ukweli, kama leo kuku hazijataga." Nikamuambia anyamaze, mambo ya wakubwa hayajui.

Gari ikasimama mbele ya mulango, upande mwingine wa nyumba. Komisere akashuka na leso nyeupe mukononi, nyuma yake shefu, direktere, vijana watano wa Chama, na majirani wenye majembe bado mabegani. Nikatangulia, natembea kama bwana harusi, tukazunguka kona ya nyumba. Na pale ukutani, Mama Mwamini amesimama kwa ncha za vidole, mukono mumoja ndani ya kisanduku changu, mwingine umekusanya pindo la kitenge mbele ya tumbo.

Ningeweza kuuliza. "Mama, kuna nini?" Maneno matatu tu! Lakini nilikuwa na visanduku vitupu, na komisere ananipumulia shingoni, na nikaona mahali pa kuitupa aibu yangu. Nikapaza sauti:

"Mwizi! Ndiye huyu anaiba mayai yangu!"

Vijana hawakungoja. Mumoja akamukamata shingo, mwingine akamupiga kofi, kilemba kikaanguka, kichwa chenye mvi kikabaki wazi mbele ya wanaume wote, mama ambaye miaka sita ya ujirani sikuwahi kuona unywele wake. Pindo la kitenge likamuponyoka. Mayai mane yakaanguka, yakapasukia miguuni pake.

"Umeona, sitwayen komisere?" nikasema. Ndiyo, nilisema na hilo pia.

Mama Mwamini hakulia. Aliokota kilemba, akakifunga, kisha akasema bila kuniangalia: "Sikukuwa natosha mayai ndani. Nilikuwa natia."

Hakuna aliyeelewa. Shefu akamuambia aeleze.

"Kuku yake yote inazaliaka kwangu, jikoni, nyuma ya kuni. Kila siku akienda kufundisha, mimi narudisha. Mwalimu alifurahi sana na sanduku yake, nikasema nisimuharibie. Leo Salongo imenichelewesha. Nilijua wageni banakuya, nikakimbia, asipate haya."

Komisere akataka kuona. Tukaenda wote mpaka jikoni kwake, na nyuma ya kuni, kwenye giza, juu ya majani makavu laini, kuku wangu wawili wamelala. Mumoja akaniangalia, wala hakuinuka.

Komisere akacheka mpaka akafuta machozi kwa ile leso. "Mwalimu, kumbe kuku zako zinasomea kwa huyu mama!" Wote wakacheka, maana mukubwa akicheka ni lazima, na wale waliomupiga wakacheka kuliko wote. Mutu wa kumuambia pole hakuwepo. Hata mimi.

Walipoondoka nikamuuliza Feza, "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Aliniomba nisikuambie."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema, ungesikia?"

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Mwamini na jogoo kwapani. Hakumupokea jogoo. Alisimama mulangoni, shavu limevimba. "Mwalimu, kofi ya bale batoto itapona. Lakini mutu wa kwetu kuniita mwizi, ile sijui." Mwezi haukuisha, binti yake akaja kumuchukua, wakapanda lori la kwenda Banalia. Tulisikia baadaye kwamba amezikwa huko. Mimi nikabaki na jina la Mwalimu Mayai, wanafunzi wakiniita hivyo nyuma ya mugongo miaka yote mpaka nilipoacha kufundisha, na sikuwahi kumupiga hata mumoja kwa ajili ya hilo.

Niliapa kwamba neno lile nililomuita Mama Mwamini halitatoka tena mudomoni mwangu. Munadhani ni kiapo chepesi? Miaka ikapita, siku moja mchana kweupe sokoni, na Feza kando yangu, mutu muzima akashika baiskeli yangu, akaipanda, akaanza kuondoka nayo taratibu, hana hata haraka. Feza akanivuta mukono: "Piga kelele, mwalimu! Piga kelele!" Nikafungua mudomo. Hakikutoka kitu. Nilibaki nimesimama namuangalia anakwenda mpaka akakunja kona, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima Feza hakunilaumu.