Saa Moja Iliyozidi kwenye Mkanda wa Harusi

Bibi alikuja kutoka Itetemia na mkanda wa VHS, ameufunga ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mayai. Ulikuwa mkanda wa harusi ya baba na mama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauweka mapajani mwangu.

"Mume wangu," alisema, maana mimi ni mjukuu wake wa kwanza wa kiume na ndivyo anavyoniita hata mbele za wageni, "wewe umesoma. Nitolee humu mwenzako."

Mwenzangu ni babu, baba yake baba, aliyefariki nilipokuwa bado nanyonya. Bibi ana picha yake moja tu, ya kitambulisho, amekaza uso kama anayesubiri kuchomwa sindano.

"Uso ninao," bibi alisema. "Ninachosahau ni mwendo wake. Nataka nimwone akitembea, kwenye deki yangu ya DVD, nikiwa nimekaa kwangu."

Nilimwambia ni kazi ndogo. Nina shahada ya takwimu, na tangu nihitimu nilikuwa hapo nyumbani Mtendeni, mjini Tabora, nikisubiri kuitwa kwenye usaili, kwa hiyo muda nilikuwa nao, na kompyuta pia. Kilichokosekana ni utulivu.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliniazima deki ya VHS, na rafiki yangu akaniazima kidude cha kuiunganisha na kompyuta. Nikabonyeza. Picha ikaja bila rangi. Nilikaa nikiwaza kwamba mkanda umezeeka, kwamba pengine ni deki, kwamba pengine ni mimi niliyefuta rangi kwa kugusa mahali pasipoguswa. Mama alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Harusi yetu ilikuwa na rangi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba programu ilikuwa imewekwa kwenye mfumo wa televisheni wa Marekani, si wetu. Nilibadilisha neno moja tu, na gauni la shangazi likawa la pinki ghafla kiasi cha kunishtua.

Mkanda hauharakishwi. Ukiwa wa saa tatu, unaingia kompyutani kwa saa tatu, na muda wote huo nilikaa pembeni yake nikiuogopa umeme. Nilimkataza baba kupiga pasi.

"Yaani niende kanisani na mikunjo," alisema, "kwa sababu ya harusi yangu mwenyewe."

Faili lilipokamilika nililihamishia kwenye DVD, nikapanda bodaboda hadi Itetemia. Deki ya bibi iliimeza, ikawaza kidogo, ikaitema. Mara tatu.

"Labda haijaizoea," bibi alisema, akinihurumia.

Nilirudi nikasoma. Kumbe deki za zamani hazisomi faili lolote tu. Zinataka video ibadilishwe kuwa ya aina yao, ipangwe kwenye mafolda kwa namna yao, na kwa aina hiyo DVD moja inachukua kama saa mbili, zaidi ya hapo nyuso za watu zinaanza kuwa vigae. Mkanda ulikuwa wa saa tatu. Saa moja ilipaswa kuondoka.

Nilifanya kosa la kuomba ushauri mezani. Baba alisema nikate hotuba ya mjomba. Mama akasema huyo mjomba ni kaka yake, na kama ni kukata, nikate kwaya ya upande wa baba, ambayo hata siku ile haikuisha kwa wakati. Baba akasukuma bakuli la mlenda. Nikaona bora niamue kwa takwimu.

Nilichora jedwali la kila tukio na dakika zake, na safu ya pekee kwa ajili ya babu. Kanisani alionekana kisogo. Meza kuu alionekana dakika nne, amekaa, anatafuna. Wazee walipoingia ukumbini kwa msafara, mpiga video alikuwa nje akipiga maua ya kwenye gari. Hatua hata moja sikuipata. Zikabaki zawadi, karibu saa nzima ya ndugu kwenye foleni wakija wanacheza, huyu na sufuria, yule na kanga, na kamera ikiisogelea kila chupa ya chai. Nilizipitisha kwa kasi. Hakuna aliyetembea, wote walicheza. Nikazikata.

Njiani kwenda Itetemia nilifanya mazoezi ya kumwambia bibi kwamba mpiga video hakumtendea haki. Safari hii deki ilikubali. Bibi alitazama saa mbili kimya, isipokuwa pale babu alipotafuna.

"Nyama ya mbuzi," alisema. "Jino lilikuwa linamsumbua."

Picha ilipoisha aligeuka. "Zawadi ziko wapi?"

"Nimezikata, bibi. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Kwani hicho kisahani kipo kimoja tu Tabora nzima?"

Nyumbani nilikuwa na vingine tisa kwenye pakiti.

"Mwenzako alileta godoro," bibi akaendelea. "Vijana walitaka kulipakia kwenye mkokoteni, akawakatalia. Akasema mwanawe haletewi godoro kama mzigo wa stesheni. Akajitwisha mwenyewe."

Kesho yake nilirudi na DVD ya pili. Katikati ya foleni, baada ya shangazi na sufuria zake, lilikuja godoro la maua. Chini yake suruali ya kijivu na miguu miwili. Nilikuwa nimelipita kwa kasi nikidhani ni godoro tu. Kila mtu mbele yake alikuwa akicheza na kila mtu nyuma yake alikuwa akicheza, lakini yeye alitembea, taratibu, mguu wa kushoto ukifunguka nje kidogo kila unapotua.

Nilisimama karibu na televisheni, tayari kuomba radhi kwamba uso hauonekani.

Bibi alininyang'anya rimoti, akarudisha nyuma mwenyewe.

"Ule wa kushoto," alisema. Kisha akanipungia mkono. "Toka hapo mbele, mume wangu. Unaniziba."