Ukuta Tuliousugua Krismasi

Nyumba yetu ya kwanza Embu ilikuwa ya serikali, ya mawe, iliyojengwa kabla sijazaliwa. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta ya kijani kutoka sakafuni hadi kiunoni, juu nyeupe. Ile ya kijani ilikuwa ikibanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu, na binti yangu wa miaka mitatu alikuwa akiviokota na kuvila.

Nilimwona, tena mara nyingi. Sikushtuka, kwa sababu hata mimi nikiwa na mimba yake nilikula yale mawe laini yanayouzwa sokoni kwa mafungu. Mama mkwe alipokuja kutoka Meru akasema mtoto anakosa madini mwilini, nimwache. Nikamwacha. Na mimi ni mwalimu, jamani, nina cheti.

Desemba ikafika. Kwetu hupokei wageni wa Krismasi kwenye nyumba yenye kuta chafu, watu watasema. Nikanunua msasa na rangi mpya, nikafunga madirisha vumbi lisiwaudhi majirani, nikasugua siku tatu. Yeye nilimpa kipande chake cha msasa ili asinisumbue. Akasugua kando yangu, uso kijani hadi kope, akicheka, nami nikicheka naye. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wangu hata hakulia, nilimpa tu.

Baada ya sikukuu tumbo likaanza kumuuma. Akakataa chakula, akafunga choo, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea moja moja. Tukatibu minyoo, tukatibu malaria, tukaombewa kanisani. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza tunaishi nyumba ya namna gani, akatuma damu Nairobi. Majibu yakarudi: madini ya risasi, mengi, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi za zamani. Afisa wa afya akaja akakwangua ukuta, akatia unga wake kwenye bahasha, na baada ya wiki kadhaa akaleta jibu lilelile.

Nikamwuliza nani atatuondolea sumu hiyo, na majirani wenye watoto wataambiwa nini. Alikuwa mtu mpole. Alikunja karatasi zake taratibu.

“Mwalimu, sheria tuliyo nayo ni ya rangi ya dukani,” akasema. “Hii iliyo ukutani tayari, sina wa kumpelekea.”

Tukahama. Kabla ya kuondoka nilipita mlango kwa mlango nikiwaeleza majirani, na mama mmoja akanijibu kwamba amelea watoto watano humo na hakuna aliyekufa. Mwezi uliofuata nilipita njia hiyo nikaona nyumba yetu imepata watu, nepi zimeanikwa uani.

Sasa binti yangu ananifikia begani. Wenzake wanajiandaa kwenda sekondari. Yeye hajui kusoma saa, na nikimtuma vitu viwili huleta kimoja. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Mama mkwe hunishika mkono akisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi humwongezea chai kwa heshima. Mungu hakununua msasa.

Kila Desemba huja jikoni ameshika kitambaa, tayari kwa kazi.

“Mama, tutasugua ukuta lini?”

Katika utoto wake wote, hizo ndizo siku anazozikumbuka.