Kamba ya Shangazi na Jiwe Langu

Harufu ya maziwa ya chombo kilichofukizwa hunipandisha hasira mpaka leo. Juzijuzi nilialikwa harusini, na binti mmoja mwenye adabu zake akapiga goti akaniwekea mbele kyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, kilichofukizwa moshi wa nyasi kama wazee wanavyotaka. Wageni wenzangu wakawa wanavuta ile harufu na kusifu kwamba siku hizi haipatikani. Mimi nikasema tumbo langu bovu. Tumbo langu si bovu hata kidogo, linasaga chochote. Lakini ile harufu ilinirudisha kwenye chumba chenye giza kule Nyakatuntu, na kama ningeendelea kukaa pale ningemtukana bibi harusi wa watu bure.

Ngoja niwaeleze, halafu mtasema wenyewe kama nina haki ya kukasirika.

Enzi zile za Waingereza nilikuwa nasoma shule ndogo ya kanisa. Aliyetufundisha wasichana alikuwa mke wa mwinjilisti, mwanamke Mhaya kutoka Muleba tuliyemwita Bibi Mwalimu, mkali wa macho lakini mwepesi wa kucheka. Siku moja alituambia kwamba iko shule ya bweni ya wasichana, mbali, mwendo wa kulala njiani, na kwamba mwaka ule angempeleka msichana mmoja wa kwetu akipatikana anayeweza. Awe anasoma bila kukwama. Awe na miguu ya kufika huko na mzigo wake kichwani, maana hakuna atakayembebea. Na huo mzigo awe ameutayarisha mwenyewe: blanketi, jembe, maharage, chumvi, nguo ya kubadili.

"Kila Jumamosi mnijie, mnioneshe mmefika wapi," alisema. "Sitaki kuambiwa unajaribu. Nataka kuona."

Basi nikaanza. Kisima chetu kilikuwa bondeni, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa mwinuko wa kukata roho. Nilipanda na mtungi wa maji kichwani bila kusimama, na pale pumzi iliponiishia nilitua, nikaweka jiwe jeupe kando ya njia. Kesho yake nilitaka nilipite lile jiwe, hata kwa hatua moja, kisha nilihamishie juu. Kwa kusoma, kila nilipokwama kwenye neno nilitia punje ya kahawa kavu ndani ya kopo, na Jumamosi Bibi Mwalimu alilitikisa kopo sikioni mwake, akikunja uso kama mganga anayesikiliza kifua. Likilia kidogo kuliko wiki iliyopita alinipa kipande cha sukari guru. Na kikapu changu cha safari nilikining'iniza kwenye ghala la maharage, kikawa kinajaa polepole mno, kwa sababu chumvi ya kuiba jikoni haijazi kitu upesi.

Mama aliyaona yote hayo na hakusema neno. Mara moja tu nilimkuta amesimama njiani karibu na jiwe langu, jembe begani, akilitazama. Aliponiona akaenda zake migombani.

Mwenye maneno alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu shangazi ndiye mwenye msichana. Mama anazaa na kulisha, lakini siku ya kuozwa ikikaribia, shangazi ndiye anayekuja kumwandaa, na hapo hata baba hana sauti kubwa mbele yake. Huyu wangu alikuwa mwanamke mzito, mwenye kutembea taratibu, na aliamini kabisa kwamba mwanamke anayetembea haraka hana kwao. Akatuletea habari kwamba watu wenye ng'ombe wengi kule Nyakasimbi wamenitaka kwa kijana wao. Walitaka bibi harusi wa zamani, mnene, laini, ambaye mikono yake haijui jembe. Baba, ambaye kila Jumapili aliimba besi kanisani, akakubali kabla shangazi hajamaliza kahawa yake.

Nikaondolewa shule. Nikawekwa nyuma ya kizuizi cha matete, kwenye nyasi zilizotandikwa upya, na nikakatazwa kutoka. Kazi yangu ikawa kunywa maziwa. Asubuhi maziwa, mchana maziwa, jioni maziwa, na uji wa ulezi kati yake nisije nikasahau ninafanya nini. Na kila Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na gauni lake la kanisani, shangazi alikuja na kamba yake ya mgomba. Aliizungusha kwenye mkono wangu, juu ya kiwiko, akaikaza, akafunga fundo pale ilipofika. Kisha alilinganisha fundo jipya na la wiki iliyopita, akiinamia mwanga wa mlangoni.

Jamani, mnajua hasira ya mtu anayepimwa kama ndama? Nami nilikuwa na vipimo vyangu! Nilivitaka mimi, nikavihangaikia mimi, na jiwe langu lilikuwa limekaribia kabisa mti wa mruku ulio getini kwetu. Sasa nilikaa gizani, mapaja yakilegea, maneno ya kitabuni yakinitoka moja baada ya jingine. Usiku mmoja nilichepuka kwenda kujaribu mwinuko, mikono mitupu, bila mtungi. Nikaishiwa pumzi chini kabisa, mbali na jiwe. Nilikaa palepale nikalia kwa hasira, nikang'oa nyasi zilizokuwa karibu yangu zote.

Na niliyemchukia kuliko wote hakuwa shangazi. Nilimchukia mama, kwa sababu mama ndiye aliyeniletea yale maziwa. Alipika uji, aliyamimina maziwa, akasimama mpaka nimalize, hakusema pole. Jumapili moja niligoma. Nilikaza meno mbele ya shangazi, nikasema sinywi, na mama akanizaba kofi ambalo sikuwahi kupigwa na mtu yeyote wa nyumba ile. "Kunywa," akasema. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikanywa, machozi yakiingia ndani ya kyanzi, na nikaapa moyoni kwamba huyu si mama yangu tena.

Ajabu ni kwamba kamba haikusogea. Wiki kwa wiki shangazi alikaza, akalinganisha, akaguna. Alinipima asubuhi badala ya mchana. Akanitazama ulimi. Akasema labda nina minyoo, akanitengenezea dawa chungu ambayo ilinifanya niharishe, kwa hiyo wiki iliyofuata kamba ikarudi nyuma, na mimi gizani nikacheka peke yangu. Nilijua kwa nini sinenepi. Ni ukaidi wangu. Niliamini kabisa kwamba mwili wangu unawakatalia, kwamba nimeuamuru nao umetii.

Halafu siku moja ya katikati ya wiki, siku ambayo si ya kamba, nikasikia kelele uani. Ilikuwa sauti ya shangazi. "Utatuulia ng'ombe! Unataka kutumalizia ng'ombe!" Nikasikia na sauti ya baba, kisha chombo kikivunjika. Sauti ya mama sikuisikia kabisa. Nilidhani mama amempiga ng'ombe na kumvunja mguu. Kesho yake hakuja kunipa maziwa, na baba akaniambia, bila kunitazama, kwamba mama amekwenda kwao Bugomora kumuuguza bibi.

Hazikupita siku nyingi, baba akasimama mlangoni mwa kizuizi changu, hata ndani hakuingia.

"Watu wa Nyakasimbi wamekataa," akasema. "Nenda kwa yule Bibi Mwalimu wako. Hapa huna kazi tena."

Nilitoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Bibi Mwalimu alinikumbatia, kisha akanipa kopo langu bila huruma yoyote, tukaanza upya. Kusoma kulirudi upesi. Miguu ilichelewa, na kwa siku nyingi nilipanda ule mwinuko nikitukana kila mtu niliyemjua, jambo ambalo, kusema kweli, linasaidia pumzi. Siku ya safari nilikuwa na kikapu kilichojaa na miguu ya kutosha. Wanawake wa jirani walinisindikiza. Mama hakuwepo. Nikajiambia: hata kuniaga hakutaka.

Likizo ya kwanza nilirudi, hayupo. Likizo iliyofuata, hayupo. Nilikuwa karibu kumaliza masomo ndipo nilipomkuta nyumbani, amekonda, anaanika kahawa, kwa kuwa kahawa ilikuwa imezaa sana na baba alihitaji mikono. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama shuleni tunashiba. Nilimjibu kwa mkato. Miaka mingi nilimjibu hivyohivyo, kwa mkato.

Nilikwishakuwa mwalimu mwenyewe nilipomtembelea shangazi na sukari na kanga. Alikuwa haoni vizuri, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Nikamtania kuhusu kamba yake, nikasema mwili wangu ulimshinda.

"Mwili wako!" akasema kwa dharau. "Mwili wako ulikuwa na nini? Ni mama yako. Alikuwa anatia maji kwenye maziwa. Nusu kwa nusu! Nilimkuta mwenyewe na kibuyu mkononi."

Msomaji wa mbali huenda asielewe. Kwetu kutia maji kwenye maziwa ni kumlaani ng'ombe. Maziwa yatakauka, chuchu zitatoa damu, zizi litakwisha, na mwanamke aliyefanya hivyo hafai kukaa kwenye boma lenye ng'ombe. Ng'ombe wetu mmoja alikuwa anakohoa wakati ule, na ushahidi ukawa umekamilika. Ndiyo maana baba alimfukuza. Ndiyo maana watu wa Nyakasimbi walikataa: nani aoe binti wa mwanamke kama huyo? "Na leo ningemfukuza tena," shangazi akaongeza, akanyoosha mkono kuomba sukari.

Nilimwacha na sukari yake. Nilitembea mpaka nyumbani nikimuuliza mama moyoni: kwa nini hukuniambia? Lakini jibu nililijua. Mtoto wa umri ule, mwenye hasira kama zangu, angelitoa siri mbele ya shangazi kwa jicho moja tu. Ilimbidi anizabe kofi lile mbele ya mwenye kamba, ili nichukie kikwelikweli. Nami nilichukia kikwelikweli. Nilipomuuliza, alisema tu, "Hayo ya zamani," akaendelea kuchambua maharage.

Baba alipofariki, watu walijaa uani mpaka migombani. Mwinjilisti mpya akasoma wasifu wake, ulioandikwa na kaka zangu. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mwanga kwa kijiji, mzazi wa kwanza Nyakatuntu kumpeleka binti yake shule ya bweni, wakati wengine wakiwaoza watoto wao. Watu wakaguna kwa kusifu. Wengine wakanigeukia mimi, mfano hai. Damu ikanipanda kichwani. Nilisimama palepale, mbele ya jeneza, nikafungua mdomo niwaambie aliyenisomesha ni nani na alilipa nini.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, karibu na miguu yangu. Akanivuta kanga.

"Kemilembe, keti," akanong'ona. "Wageni hawajala."

Nikaketi. Mwinjilisti akamaliza kumsifu baba, akasema tuseme sote amina. Mama akaitikia pamoja na wengine, kwa sauti ya wazi. Mimi sikuitikia, na sijaitikia mpaka leo.